Nahodha wa Vyombo Arobaini na Kimoja

Karatasi aliyoniletea tarishi wa Tume iliniita nahodha. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo, nikadhani wamekosea nyumba. Nahodha Semeni Mhando, mkazi wa Makorora, Tanga, anatakiwa kufika mbele ya Tume ya Vyombo vya Anga kujibu kuhusu kifo cha Theopista Rwechungura, miaka thelathini na mmoja, fundi wa nje wa Kituo cha Mwambao. Fundi huyo alibanwa na chombo cha mizigo kilipokuwa kinajiunga na kituo, kilomita mia nne juu ya bahari. Nahodha wa chombo hicho, kwa mujibu wa daftari la usajili, ni mimi.

Mimi hata ndege sijapanda. Nilimwambia tarishi hivyo, naye akasema kwa upole kwamba kazi yake ni kuleta karatasi tu, na je, ninaweza kutia sahihi hapa chini. Nikatia, maana alikuwa kijana mwenye adabu na jua lilikuwa kali. Hasira zilinipanda alipokwisha kuondoka, nilipokaa na kuisoma ile karatasi mara ya pili, na mpaka leo hazijashuka.

Chanzo chake ni mchezo. Lazima niueleze vizuri, kwa sababu mbele ya Tume kila mtu aliutaja kwa maneno ya kitaalamu, na mimi niliyeucheza jikoni kwangu najua ulivyokuwa.

Nimeendesha winchi bandarini miaka ishirini na saba. Winchi ya bandari ni mnara wa chuma wenye kibanda juu, mita thelathini na tano kutoka chini, sakafu yake kioo. Unakaa mle ndani umeinama, unatazama kati ya miguu yako, unanyanyua kontena kutoka melini na kulishusha nchi kavu. Kisha zikaletwa winchi zinazojiendesha, sisi tukakatiwa keki na kusomewa hotuba, tukaenda nyumbani. Chande, aliyekuwa kwenye winchi ya jirani na yangu kwa miaka kumi na tisa, alikwenda nyumbani na uchungu wake akawa mtu wa kushinda mtandaoni. Asubuhi moja akanitumia anwani ya kitu kinachoitwa Gati la Juu. Akaandika kwamba hiki ni cha wenye mikono, mimi nisijisumbue.

Nikakifungua papo hapo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi ya zamani, halafu masharti marefu ajabu na kisanduku cha kuweka alama. Nikaweka alama. Wakili wangu baadaye aliniuliza kama niliyasoma masharti yale. Nikamuuliza yeye mara ya mwisho kuyasoma ya kwake ilikuwa lini, akaenda swali lingine.

Kwenye kishikwambi changu kikatokea kituo cha anga, mabawa yake mapana, na katikati mlango wa duara wenye alama ya msalaba. Kidole gumba cha kushoto kinasogeza chombo mbele, nyuma, juu, chini, kulia na kushoto. Cha kulia kinakigeuza. Pembeni kuna namba tatu: umbali uliobaki, kasi, na kiasi chombo kilivyoinama. Kazi yako ni kuuweka msalaba wako juu ya msalaba wa mlango, kisha uguse taratibu, kwa mwendo wa sentimita chache kwa sekunde.

Mara ya kwanza niling'oa bawa la kituo. Mara ya pili nilikipita kituo chenyewe nikaenda zangu gizani. Kule juu hakuna breki wala msuguano. Ukisukuma mbele kidogo, utaendelea kwenda mbele daima mpaka usukume kinyume kwa kiasi kile kile. Nilikuja kuambiwa kwamba watu wengi huchukua siku nzima kulielewa hilo kwa vidole. Mimi yalinitosha majaribio manne, kwa sababu kontena la tani thelathini linaloning'inia kwenye kamba nalo halina breki. Unalifuata linakokwenda, unalipunguzia, unalifuata tena. Jaribio la tano msalaba ulikaa juu ya msalaba, nami nikawa mita mbili kutoka mlangoni, nimenyooka sawasawa.

Nikasimama.

Sikufikiri. Winchini, kontena likifika mita mbili kutoka chini huoni tena kilicho chini yake, limekuziba. Kwa hiyo unasimama mpaka mtu wa chini, ambaye kazi yake ni hiyo tu, ainue mkono wenye glovu nyekundu. Mkono usipoinuka hushushi, hata msimamizi afoke redioni, hata meli iwe imechelewa siku mbili. Sisi tuliiita hivyo tu, mita mbili. Nikiwa mwalimu wa madereva, niliwahi kumshusha kutoka kibandani dereva wa rika langu, mtu mwenye wajukuu, kwa sababu aliiruka mara moja. Alinilaani mbele ya watu, na hakupanda tena juu mpaka alipostaafu.

Basi nikawa nimesimama mbele ya mlango wa kuchorwa, nangoja mkono ambao haupo. Sekunde kumi, kumi na mbili. Kisha nikajicheka, nikaingia. Mchezo ukanipa alama sitini na moja kwa mia na kuniandikia kwa herufi nyekundu kwamba nimepoteza muda.

Chande alikuwa na themanini na nane. Yeye alikuwa anaingia mbio bila kusita, kwa kuwa mchezo ule ulikata alama kwa kila sekunde ya kusubiri. Aliniandikia akiuliza kama pale mlangoni huwa nasimama kunywa chai. Nikampa vidonge vyake, naye akanirudishia, na hivyo ndivyo tulivyoanza kucheza kila asubuhi kwa miezi minne. Kulikuwa na jedwali la wachezaji, na mimi nilikuwa wa mia tatu na kitu. Mimi niliyewafundisha nusu ya madereva wa winchi wa pwani hii.

*

Wakili niliyepewa alikuwa binti anayeitwa Penina Shemdoe, mwembamba, anaongea haraka, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Aliniita mama tangu salamu ya kwanza, na nilimpenda kwa sababu hakunidanganya.

Alinieleza kwamba sheria hairuhusu chombo chochote kujiunga na kituo chenye watu bila nahodha binadamu. Ilitungwa baada ya ajali za mwanzo, wananchi walipokataa kabisa mashine kuachiwa roho za watu. Masafa, kampuni yenye vyombo vya mizigo, haikutaka kuajiri manahodha. Ikaweka mchezo mtandaoni, ikakusanya mikono ya watu bure. Mchezaji akifanya vizuri, jaribio lake bora kuliko yote lilichukuliwa likapakiwa kwenye kompyuta ya chombo, na chombo kikaufuata mkono ule kila kilipofika mlangoni. Jina lake likaandikwa kwenye daftari la usajili. Sheria ikawa imetimizwa, nahodha binadamu yupo, amelala kwake. Kwenye masharti, aya ya hamsini na nne, tulikuwa tumekubali.

"Mkono wako, mama, uko ndani ya vyombo arobaini na kimoja."

Nilimwomba airudie namba ile, akairudia. Nikainuka nikaenda dirishani, maana niliona nitavunja kitu chake na yeye hakuwa na kosa. Kwa miaka ishirini na saba niliomba cheo cha usimamizi bandarini, kila mwaka nikaambiwa bado. Hawa wamenipa unahodha wa anga bila hata kunijulisha, na siku ya kunijulisha ni siku ambayo mtu amekufa. Nilisema maneno mengi pale dirishani, mengine ya Kizigua, na Penina alingoja mpaka yakaisha.

Kisha akanionyesha picha za kamera ya kituo. Nilikataa kwanza, halafu nikatazama. Chombo kinakuja, cheupe, kizito, hakina haraka. Theopista yupo nje ya mlango, anasafisha mpira unaozuia hewa kuvuja, kamba yake imefungwa kwenye ukingo. Ratiba yao ilikuwa imesogezwa na hakuna aliyemwambia. Chombo kikaja mpaka mita kumi, mita tano, na hapo nikaona kitu kilichonitoa jasho: kikajisogeza kushoto kidogo, kama kinajirekebisha, wakati hakuna kilichokivuta kulia. Winchi yangu ya zamani, namba tatu, ilikuwa inavuta kulia. Miaka yote ile nilikuwa naipa kushoto kidogo kabla ya kushusha, na vidole viliizoea hiyo mpaka jikoni. Hakuna binadamu mwingine mwenye kidole hicho. Nilikuwa najitazama mimi.

Kikafika mita mbili. Hakikusimama.

Penina akazizima zile picha. Akafungua droo, akatoa karatasi aliyoipata kwa mtu wa ndani ya Masafa. Ilikuwa maagizo ya mhandisi wao mkuu, Injinia Lumuli Ngasa, kwa mafundi wake, mstari mmoja unaonihusu: Mchezaji Mhando, ondoeni kusubiri kote, ni mazoea ya bandarini na hayana maana.

Akanieleza kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Mkono uliobadilishwa, kisheria, si mkono wa nahodha. Kama Masafa walikata kusubiri kwangu, basi walioua ni wao na mimi natoka mlangoni nikiwa safi. Tena kwa ujanja wao wa kijinga, siku moja baada ya ajali walikuwa wamefuta kumbukumbu zote za majaribio, wakidhani wanajificha. Sasa hawakuwa na kitu cha kuonyesha ni jaribio gani hasa lililokuwa ndani ya chombo. Kilichohitajika ni neno langu tu.

"Kwa hiyo ulikuwa unasimama, mama? Kila mara?"

"Kila mara," nikasema.

*

Hapa ningependa kupita haraka, lakini nilishapita haraka mara moja na nimeona matokeo yake.

Lilikuwa jaribio la mia mbili na kumi na mbili, siku ya Jumapili. Chande alikuwa amefika nafasi ya kwanza kwenye jedwali zima, watu maelfu, na akaniandikia kwamba kumbe pale bandarini walikuwa wananipamba tu. Alikuwa anatania. Watu wa Tanga tunataniana hata msibani. Lakini siku ile utani uliniingia vibaya, damu ikanichemka, nikakiegemeza kishikwambi kwenye bakuli la sukari na kuanza. Nilikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilipofika mita mbili, kidole gumba kikaanza kulegea chenyewe, kinataka kusimama kama kilivyozoea. Nikajiambia kwa sauti, peke yangu pale jikoni, kwamba chini hakuna mtu. Nikasukuma.

Alama tisini na tisa. Nafasi ya kwanza. Nikamtumia Chande picha za jaribio zima pamoja na maneno ambayo mwanamke wa miaka hamsini na minane hapaswi kuyaandika, nikacheka, nikaenda kuanika nguo. Kesho yake nikarudi kusimama kama kawaida, na sikuiruka tena hata mara moja. Haikuwa na maana tena. Masafa walichukua jaribio bora la kila mtu, na langu walikuwa wameshalipata.

Lile halikukatwa chochote na Injinia Ngasa. Halikuwa na kusubiri kokote kwa kukatwa.

Nilipotoka kwa Penina nilikwenda moja kwa moja kwa Chande. Nilimkuta barazani anamenya machungwa, na kabla sijaketi aliniambia ameshafuta kila kitu nilichowahi kumtumia. Alikuwa amesikia habari redioni. Alikuwa hajalala siku tatu, macho yake mekundu, na aliniomba msamaha kwa ule utani mara nyingi mpaka nikamwambia basi.

"Futa na wewe," akasema. "Wale ndio waliomuua yule binti. Wao ndio walioweka mchezo unaomwadhibu mtu kwa kuwa mwangalifu. Ukiwapa ukweli wako, Semeni, wataufanya ngao."

Nilimjibu kwamba anasema kweli. Kisha nikamfokea kwa nini anasema kweli, nikamfokea kwa ule utani, nikamfokea hata kwa machungwa yake, na yeye akaendelea kumenya huku machozi yanamtoka. Nilikula chungwa moja nikaenda nyumbani. Kishikwambi sikukifuta, ila nilikifunga kwenye kanga nikakitia kabatini.

*

Usiku ule sikuisoma karatasi ya mashtaka aliyonipa Penina, niliisoma asubuhi, baada ya chai, kwa miwani. Ilinukuu sheria: vitone vitatu, halafu, ndiye anayewajibika kwa madhara yote yatokanayo na mwendo wa chombo chake. Vile vitone vilinikera. Bandarini mtu akikupa maelezo yaliyokatwa mwanzo, unamrudishia. Nikampigia Penina nikamwambia anisomee sentensi nzima.

Nilimsikia akifunua kurasa. Kisha akasoma: "Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mwendo wa chombo chake, na ndiye anayewajibika kwa madhara yote yatokanayo na mwendo wa chombo chake."

Nikamuuliza neno la mwisho maana yake nini. Akasema maana yake ni hiyo hiyo ninayoifikiria. Nahodha akisema chombo kisimame, kinasimama, na mwenye chombo hana la kusema mpaka mahakama iamue vinginevyo. Lakini ili niwe na neno hilo lazima nikubali kwamba mkono ni wangu, mzima, haukubadilishwa. Nikikubali, kifo ni changu. Kifungo chake ni miaka saba.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, unakwenda nyumbani. Masafa wanapigwa faini kwa chombo kimoja. Halafu vile arobaini na kimoja vinapewa mkono unaofuata kwenye jedwali."

Mkono unaofuata kwenye jedwali ni wa Chande, ambaye kwenye ule mchezo hajasimama hata siku moja.

Nilimuuliza vinajiunga mara ngapi. Akasema viwili kila wiki, na vituo ni vinne, na katika kila kituo kuna mafundi wanaotoka nje. Alijua ninachokiwaza na hakukipenda. Aliniambia, sasa kwa sauti ya ukali, kwamba nikisimama pale na kusema mkono ni wangu nitakuwa nimewasafisha Masafa kwa kifo cha Theopista mbele ya baba yake. Ile karatasi ya Ngasa itakuwa haina kazi. Watatoka pale wanacheka. Nikamwambia najua.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano karibu na posta. Baba yake Theopista alikuwa amesafiri kutoka Kamachumu, siku mbili njiani. Mzee Anatoli Rwechungura, mrefu, suti yake ya zamani imepigwa pasi vizuri, kofia mkononi. Tulikutana kwenye korido kabla ya kuingia, na watu wote wakatupisha kana kwamba tutapigana. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza swali moja tu.

"Mama, kwenye ule mchezo, watu wanaonekana? Ungeweza kumwona?"

Nikamwambia hapana. Hawakuchora watu. Walichora kituo, nyota, mabawa mpaka misumari yake, ila watu hawakuwachora. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaingia ndani na kukaa safu ya mbele.

Injinia Ngasa alizungumza kwanza. Ni mtu nadhifu, sauti laini, mpakaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Alinitaja kama mmoja wa manahodha wao wenye viwango vya juu kabisa, akasema kampuni inasikitika sana kwamba nahodha mwenye uzoefu kama wangu aliingia bila kujiridhisha kuwa mlango uko wazi. Alisema nahodha mara kumi na nne, nilizihesabu. Wala hakuniangalia hata mara moja.

Penina alikuwa ameshainuka na ile karatasi ya maagizo. Nikamshika mkono wa gauni lake. Aliniangalia, akaelewa, akakaa, na nikamwona amefumba macho. Nikasimama mimi.

"Mkono ni wangu," nikasema. "Jaribio la mia mbili na kumi na mbili, Jumapili, jikoni kwangu. Nilifika mita mbili na sikusimama. Hakuna aliyekata kitu." Nikakifungua kishikwambi kutoka kwenye kanga, nikakiweka mezani kwa karani.

Ngasa alishusha pumzi. Niliona mabega yake yakilegea, na nilimchukia kwa pumzi ile kuliko kwa mengine yote aliyoyafanya.

Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye miwani mizito, aliniuliza kwa nini sikusimama. Nikamweleza yote, utani wa Chande bila kumtaja jina, alama, jedwali, na maneno niliyojiambia. Nilisema pia kwamba nilimshusha mtu winchini kwa kosa hilo hilo nikajiona mwenye haki. Aliniuliza kama naelewa matokeo ya ninachokisema. Nikasema naelewa, na ninaomba iandikwe kwamba mimi ndiye nahodha wa kweli wa chombo kile na vingine vyote vilivyo chini ya jina langu. Mwenyekiti akawauliza Masafa kama wanakubali. Wakili wao alisimama mbio akakubali, kisha akarudia kukubali ili karani asikie vizuri. Karani akaandika.

Nikangoja amalize kuandika.

"Basi mimi kama nahodha ninaagiza," nikasema. "Vyombo vyangu vyote arobaini na kimoja visimame hapo vilipo, sasa hivi, visisogelee kituo chochote. Kitakachotaka kuingia kiwe na mtu aliye macho anayekiendesha, na mwingine ndani ya kituo anayeona mlango kwa macho yake na kumruhusu. Bila hivyo haviingii, hata kama mimi nitakuwa gerezani."

Pakawa na kelele. Ngasa alisimama mara hiyo akaniangalia, kwa mara ya kwanza, na ule ulaini ulikuwa umemtoka. Alisema hili ni jambo la kipuuzi. Kuna chombo kinajiunga saa tisa alasiri ya leo, kimebeba vipuri, ratiba ya mwezi mzima itaharibika. Alisema mimi ni bibi mstaafu niliyecheza mchezo wa mtandaoni na sijui hata chombo kinafananaje.

Mwenyekiti alivua miwani.

"Injinia," akasema, "dakika tano zilizopita alikuwa nahodha wenu."

Tume ilitoka nusu saa. Mimi nilikaa pale pale, na Penina akanishika mkono. Nilikuwa naogopa. Nilifikiria miaka saba, nikajumlisha na umri wangu, nikaacha kujumlisha. Waliporudi, mwenyekiti alisoma kwa sauti isiyo na furaha wala huzuni kwamba neno la nahodha linasimama mpaka mahakama iamue vinginevyo, na kwamba nahodha huyo huyo anapelekwa rumande leo hii kujibu shtaka la kuua bila kukusudia. Akamwamuru Ngasa apige simu mbele ya watu wote. Alipiga. Alisema maneno machache, akasikiliza, akasema tena, na mwisho akatutangazia akiwa ameangalia ukuta kwamba chombo cha saa tisa kimesimama.

Chande alikuwa nyuma ukumbini. Nilimsikia akilia, naye ni mtu mzito, analia kwa sauti.

Askari wa kike alikuja kusimama pembeni yangu, akaniambia nichukue muda wangu. Nilikuwa nafunga kanga yangu nilipomwona mzee Rwechungura anakuja, polepole, kofia bado mkononi. Naona aibu kusema kwamba nilidhani anakuja kunishukuru.

"Vyote arobaini na kimoja," akasema. "Mimi, mama, nilihitaji kisimame kimoja tu."

Yalinijia mdomoni yale yale ya jikoni, kwamba chini hakukuwa na mtu, na nikayameza. Nikamwambia ni kweli. Akavaa kofia yake akatoka, nami nikamfuata askari.